Vitamini za Adham

Imbaba, huko Kairo, hakuna siri. Kuna habari tu ambazo bado hazijafika dirisha la pili. Kwa hiyo ukisikia kwamba katika uchochoro mmoja wa huko kijana wa miaka kumi na mitano alifichwa ugonjwa wake mwenyewe, huku muuza mkate anaujua, kinyozi anaujua, na hata bawabu wa jengo la pembeni aliye kiziwi wa sikio moja anaujua, usibishe. Iliwezekana, kwa kuwa watu wote walisaidiana.

Kijana aliitwa Adham, mwana wa Shukri mpiga pasi. Macho yake yalikuwa yamegoma kupanda. Kusoma alisoma, kutembea alitembea, lakini akitaka kuona kitu cha juu alilazimika kuinua kichwa kizima, kidevu mbele, kama kuku anayemeza maji. Na Adham alikuwa mfuga njiwa. Banda lake lilikuwa juu ya paa la jengo lao, na mfuga njiwa asiyeona juu ni kama mchungaji aliyefungwa kitambaa usoni. Wafugaji wa mapaa ya jirani walimnasia njiwa wake mmoja mmoja, na sheria ya mchezo ule haina huruma: njiwa uliyemnasa ni wako, mwenyewe akimtaka aje amnunue mbele ya watu. Shukri alipanda ngazi za wenzake na noti zake mkononi, na kila alipofika juu aliulizwa kama mwanawe siku hizi analala mchana. Halafu yakaja maumivu ya kichwa ya alfajiri, na kutapika, na daktari wa macho aliyemulika ndani ya jicho, akawaambia waende hospitali kubwa kupiga picha ya kichwa.

Siku ya majibu waliingia watatu: Shukri, mkewe Inshirah, na Hajjat Nagat, dada mkubwa wa Shukri, ambaye hakualikwa ila hajawahi kungoja mwaliko tangu azaliwe. Adham aliachwa kwenye benchi la nje na kipande cha biskuti. Nagat mwenyewe ndiye aliyefunga mlango.

Daktari Wagdi alikuwa mtu mfupi mwenye glasi ya chai iliyokwisha poa. Alieleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya meza. Katikati kabisa ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama mbegu ya zeituni. Hapo ndipo uvimbe ulipoota. Umeyagandamiza yale yanayoinua macho, na umeziba mfereji wa maji ya ubongo, ndiyo maana kichwa kinauma. Kwanza wataingia kwa kimrija chenye kamera, watoboe njia nyingine ya maji, na papo hapo wanyofoe kinyama kidogo cha kupimwa. Uvimbe wa mahali hapo una jamaa wengi: wengine huyeyuka kwa mionzi bila kisu, wengine lazima kichwa kifunguliwe. Kitanda kingepatikana wiki inayofuata. Familia ilete watu wa kutoa damu.

Kisha akatoa boksi la vidonge. Hapo sauti yake ilibadilika.

"Hivi ndivyo vinavyouzuia ubongo usifure mpaka tumpate kitandani. Mara tatu kwa siku, na chakula. Asiruke hata kimoja. Kwa hiyo Ramadhani hii hafungi. Mkiona analala haamkiki vizuri, msinipigie simu. Mleteni."

Inshirah aliyashika maneno yale kama mtu anayeshikishwa sahani ya moto. Lakini Nagat alikuwa na lake. Alitaka daktari aahidi kwamba mtoto hataambiwa. Katika ukoo wao, alisema, ugonjwa ule hautajwi hata jina. Mgonjwa akiusikia, roho humvunjika kabla ya kisu kumfikia. Mjomba wao aliambiwa Alhamisi, Ijumaa wakamswalia.

"Ana umri gani mtoto mwenyewe?" daktari akauliza.

"Mdogo."

"Nimemwona pale nje. Ana masharubu kunizidi." Akanywa chai yake baridi. "Ninyi ndio wazazi. Lakini mimi simfungui kichwa mtu asiyejua kwa nini. Mna muda kidogo. Utumieni vizuri."

Wakautumia walivyojua wao.

*

Jambo la kwanza lilikuwa boksi. Adham alikuwa na simu, na kijana mwenye simu akiona jina la dawa halali mpaka ajue inatibu nini. Nagat akatoa kwenye mkoba wake chupa ya vitamini za nywele, akazimimina zilizobaki kiganjani, akazimeza mbili tatu kwa kuwa hasara ni hasara, nyingine akazifunga kwenye leso.

"Tia humu, wifi."

Inshirah alisita. Alisema labda wangemwambia robo tu, kwamba ni dawa ya kichwa. Nagat akamwangalia kwa ile huruma inayouma kuliko tusi. Akamuuliza kama anataka kuwa mama aliyemwua mwanawe kwa mdomo. Shukri alikuwa amekaa hapo hapo, mikono yake yenye makovu ya pasi juu ya magoti, akiitazama sakafu. Basi Inshirah akavihamisha vidonge, kimoja kimoja, kwa vidole vyake mwenyewe. Adham alipoingia aliambiwa ni vitamini za macho; mishipa ya macho imelegea, ikishindikana itasafishwa hospitali, kazi ya asubuhi moja.

Ramadhani iliingia jioni ya siku iyo hiyo, na hapo ndipo uongo ulipoanza kudai chakula. Adham akaambiwa asifunge. Kijana mzima, sauti imeshavunjika, ameketi jikoni nyuma ya pazia adhuhuri akila maharage na mkate kama mwizi, na chini uchochoroni watoto wa chekechea wanawazomea wasiofunga kwa nyimbo zao za kila mwaka. Siku ya pili binamu zake walimwona na makombo kidevuni. Hawakusema neno, walichekea viganjani. Tangu hapo Adham akawa anachukua sahani yake na chupa yake anapanda nazo paani. Sahani ilirudi tupu, chupa ikawa inapungua. Inshirah akashukuru Mungu.

Nyumba nayo ilijaa. Kila alasiri wanawake wa jengo walikuja kukunja majani ya mzabibu kwenye sebule ya Inshirah, kwa kuwa nyumba yenye msiba unaokuja haiachwi peke yake. Wanasema hivi, wanasema vile, ndoa ya fulani, bei ya sukari. Adham akipita, kimya. Kisha wote kwa pamoja wanamwuliza hali. Mama Sabri wa ghorofa ya tatu, ambaye mwaka mzima alikuwa akimlaani kwa kinyesi cha njiwa kwenye kamba yake ya nguo, sasa alimvuta na kumbusu paji la uso kila alipomwona.

"Mama," Adham aliuliza siku moja, "huyu Mama Sabri anakaribia kufa?"

"Astaghfirullah. Kwa nini?"

"Ananiaga kila siku."

Wanaume walipokwenda kutoa damu baada ya futari, wamepakiana kwenye pikapu ya muuza mkate, kinyozi mbele, Adham alikuwa dirishani. Akaambiwa wanakwenda kushuhudia ndoa. Akauliza mbona wamevaa kandambili.

*

Siku uongo ulipovunjika ilikuwa alasiri, kitanda cha hospitali kimebakiza usiku mmoja kupatikana. Inshirah alikuwa kwenye mlenda wa mulukhiya, kitunguu saumu kinalia kwenye samli, na karibu saa ya kufuturu hakuna mama wa Imbaba anayeacha sufuria. Yeye aliacha. Asubuhi alikuwa amemwamsha Adham zaidi ya mara moja, naye alijibu kwa ulimi mzito, akasema hakulala vizuri. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kifuani mchana kutwa. Akapanda paani na mwiko mkononi.

Alimkuta ameegemea banda, miguu imenyooka, matapishi kwenye kanzu. Macho yalikuwa nusu wazi, yameanguka chini kana kwamba anatafuta kitu mapajani. Alimwita, akamtikisa. Adham alinong'ona kitu kisichokuwa neno.

Chupa ya vitamini ilikuwa kando yake, kizibo wazi. Mbele yake kulikuwa na karai la maji ya njiwa. Maji yalikuwa na weupe wa chokaa, na chini kabisa vidonge viwili vilikuwa vinamomonyoka taratibu. Njiwa walilizunguka karai wakinywa kwa pupa kama waliotoka jangwani. Wawili walikuwa wamelala ubavu pembeni, hawanywi tena. Pale kwenye kona ya paa, chini ya gazeti, paka walikuwa wamemaliza maharage ya leo.

Inshirah hakuhitaji kuelezwa. Wafugaji wote huwapa njiwa vitamini wakati wa kubadili manyoya. Mwanawe alifunga, kama wenzake, kwa kuwa macho yaliyolegea si udhuru wa mwanamume. Na vitamini zilizokuwa hazina kazi mchana, na za usiku pia, aliwapa wale waliozihitaji zaidi.

Walimshusha kwa ngazi watu wanne, Shukri kichwani. Nagat alitangulia akipiga kelele watu wapishe, na watu walikuwa wameshapisha. Teksi walipata, lakini ilikuwa ile robo saa ambayo Kairo nzima inakimbilia mezani. Kwenye njia ya darajani watu wa hisani walikuwa wametandika meza za futari mpaka katikati ya barabara. Adhana ikalia. Vijana wakaruka mbele ya magari na vikombe vya maji ya ukwaju, wanagonga vioo, wanasimamisha kila dereva, haendi mtu na saumu yake. Kijana mmoja akaingiza mkono dirishani akamtia Inshirah tende tatu kiganjani, anamwombea afya na maisha marefu. Shukri, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akatoa kichwa nje akawatukana mama zao. Njia ikafunguka.

*

Kwenye mapokezi ya dharura Daktari Wagdi alikuja na kipande cha sambusa bado mdomoni. Alifungua kope za Adham, akamulika, akamfinya bega. Kijana akasogeza mkono mmoja tu.

"Kidonge cha mwisho amemeza lini?"

"Leo asubuhi," Nagat akajibu. "Wallahi mbele ya macho yetu. Mara tatu kwa siku, kama saa."

Daktari akaanza kumtajia muuguzi sindano. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nusu ya uchochoro ilikuwa imeshafika, wengine na vijiko mkononi. Inshirah akamvuta daktari mkono wa koti.

"Hakumeza."

"Wifi," Nagat akasema.

"Hakumeza, daktari. Aliwapa njiwa."

Daktari akageuka. "Aliwapa nani?"

"Njiwa. Tulimwambia ni vitamini. Mimi ndiye niliyevitia kwenye chupa ya vitamini. Na amefunga. Nadhani amefunga tangu mwanzo, sijui siku ngapi."

Mama Sabri aliinamisha uso. Inshirah alihisi macho ya watu yakimpanda mwilini kama chawa, na akabaki amesimama vile vile, tende za yule kijana zimesagika kiganjani. Daktari hakumgombeza, ingekuwa nafuu. Alimwambia muuguzi sindano tofauti na ile ya kwanza, akasema chumba cha upasuaji kitayarishwe sasa hivi, maji yanamzamisha. Alipopita karibu na Inshirah alisema, bila kusimama, kwamba neno lile limemwokolea muda.

Maji yalitoka. Kimrija kiliingia kupitia upande wa mbele wa kichwa, tundu likatobolewa, kinyama kikachukuliwa. Kabla ya daku Adham alifungua macho akaomba maji ya kunywa, akanyimwa, akanung'unika. Inshirah alilisikiliza lile nung'uniko lote mpaka mwisho.

*

Majibu ya kipimo yalikuja Ramadhani ikiyoyoma. Uvimbe haukuwa wa wale wanaoogopa mionzi. Lazima kichwa kifunguliwe. Atakalishwa kitako, daktari alisema, amelala usingizi huku amekaa kama mtu wa kinyozi, nao watapita kisogoni, juu ya ubongo mdogo, mpaka kule katikati. Kuna mishipa minene ya damu imeizunguka sehemu ile pande zote. Amefanya kazi hiyo mara nyingi. Hakusema zote zilikwendaje.

"Na sasa mtamwambia," akamalizia. "Au nimwambie mimi, leo."

Nagat alimshika Inshirah ukumbini. Safari hii hakuwa na ukali. Kope zake zilikuwa zimevimba.

"Nilimlea Shukri mimi, mama yetu alipokufa. Namjua anavyovunjika. Na mtoto ni yeye mtupu. Ukimwambia, utamwua mara ya pili, wifi."

"Mara ya kwanza nilimwua kwa kunyamaza."

"Tulikuwa tunamhurumia."

"Tulikuwa tunajihurumia sisi, Hajjat."

Akaingia peke yake. Adham alikuwa ameketi, bandeji kichwani, anacheza na simu. Inshirah alisema yote bila kupamba, jina la ugonjwa nalo akalitaja, na lilipotoka kinywani alishangaa kwamba lilikuwa neno dogo tu. Adham alisikiliza. Simu ilizimika mkononi mwake.

"Kinyozi anajua?"

"Anajua. Alitoa damu."

"Muuza mkate?"

"Naye."

"Mama Sabri."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana." Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo mtaa mzima unakijua kichwa changu, mimi ndiye mgeni. Na njiwa?"

Inshirah alitaka kusema wazima wote. "Wamekufa watano."

Adham akageukia ukuta. Alikaa hivyo mpaka kesho yake. Hakula, hakujibu, hata Shukri alipomletea bilauri ya maziwa na kusimama nayo mpaka ikapoa. Ukumbini Nagat hakusema "mliona." Alikaa tu, tasbihi mkononi, na kule kukaa kulisema. Karatasi ya idhini Shukri angeweza kuitia sahihi mwenyewe, sheria ilimruhusu, lakini daktari hakuitoa mfukoni. Kijana akigoma, alisema, atangojea. Na kungojea nako kuna mwisho wake. Inshirah alizunguka ukumbi ule akijiuliza kama Nagat alikuwa sahihi, kama ukweli nao ni sumu, umechelewa tu kufanya kazi.

Jioni Adham alimwita daktari. Akataka wengine wote watoke. Mlango ulifungwa, safari hii mama yake akiwa upande wa nje, kwenye benchi. Walikaa humo muda ambao chai ya daktari ingepoa mara mbili. Alipotoka alikuwa akifuta miwani.

"Amekubali," akasema. "Ameniuliza mambo ambayo ninyi hamkuthubutu kuniuliza. Hata hili, kama atafia kwenye kiti. Nimemjibu."

*

Siku ya kisu, Idi imeshaingia, ukumbi ulijaa kama harusi. Shukri hakuweza kukaa. Alishuka getini, akasimama na walinzi, akawa anawapigia pasi kola zao kwa vidole bila kujua anachofanya. Saa zilikwenda. Mama Sabri aliwagawia watu biskuti za Idi na hakuna aliyetafuna kwa sauti.

Daktari alitoka na mistari ya barakoa usoni. Watu wakamvamia, akamtafuta Inshirah kwa macho, akamsogeza ukutani, na Nagat akasogea naye. Yu hai, alisema. Uvimbe umetoka, ila kipande kimeng'ang'ania mshipa mkubwa. Kukivuta kungekuwa kumwua. Kinaweza kukaa kimya miaka. Kinaweza kuamka. Watakuwa wanakichungulia kwa picha, na kwa muda kijana ataona vitu viwili viwili.

Kabla Inshirah hajameza mate Nagat alikwishageukia ukumbi. "Umetoka wote," akasema. Vigelegele vikapasuka mpaka wauguzi wakatoka kunyamazisha watu. Halafu akamrudia wifi yake, akamnong'oneza sikioni, akimbembeleza kweli: amwache leo apate furaha yake. Kipande kama kile, hata Inshirah mwenyewe na akisahau.

Chumba cha uangalizi kiliruhusu mtu mmoja. Adham alikuwa amefungwa kitambaa kichwa kizima, midomo mikavu, nyaya kifuani. Alipofungua macho hayakukutana mahali pamoja.

"Mama. Mko wawili."

"Itapungua. Daktari amesema."

"Nje kuna vigelegele."

"Ni shangazi yako."

"Kwa hiyo umetoka wote."

Hakuuliza. Alimwachia mama yake nafasi, kama mtu anayeacha mlango wazi kidogo. Kilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Nyuma ya kioo Nagat alikuwa tayari anatikisa cha kwake, machozi yanamtoka, anamwonyesha namna ya kufanya. Inshirah akageuza kiti, kioo kikabaki mgongoni mwake.

"Haukutoka wote. Kimebaki kipande, kimeshika mshipa."

Mashine ililia polepole, sauti ile ile. Adham alifumba macho.

"Kikubwa?"

Akamshika kidole cha shahada, akamwonyesha kwa ukucha wake: hapa mpaka hapa.

"Kitakua?"

"Labda. Labda kisikue. Hata daktari hajui."

Kijana akavuta pumzi, akaitoa. Kidole chake kilibaki mkononi mwa mama yake.

"Baba anajua?"

"Bado. Yuko getini."

"Usimwambie wewe," Adham akasema. "Mwite. Nitamwambia mwenyewe."